Setosa, versicolor, virginica: irisi tatu za kwenye jedwali na namna ya kuzitambua zikiwa kinamasini

Karibu kila aliyepita darasa la takwimu au la akili mnemba anayajua majina haya matatu ya Kilatini: setosa, versicolor, virginica. Yamo kwenye safu ya mwisho ya jedwali lenye mistari 150 ambalo walimu hulitumia kuonyesha jinsi kompyuta inavyopanga vitu katika makundi. Mwanafunzi analipakua, anaandika programu fupi, na kompyuta inapatia majibu zaidi ya 90 katika kila 100. Anatoka darasani akiamini kwamba kutofautisha maua haya ni kazi nyepesi: chukua rula, pima petali, kwisha habari.

Mpeleke mtu huyohuyo kwenye kinamasi cha jimbo la Michigan, Marekani, mwezi Juni, irisi za buluu zimechanua hadi ukingoni mwa maji, umwambie akuonyeshe ipi ni versicolor na ipi ni virginica. Atakwama, na ana haki ya kukwama. Carl Linnaeus alizipa spishi hizi mbili majina mwaka 1753, na bado wataalamu wa mimea waliendelea kuzichanganya hadi ndani ya karne ya 20. Mtu aliyelifungua fundo hilo, Edgar Anderson wa Bustani ya Mimea ya Missouri, ndiye aliyepima maua yaliyomo kwenye jedwali lile. Alipoyapima hakuwa na mpango wa kufundisha kompyuta. Alikuwa akitafuta jibu la swali gumu zaidi: spishi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi?

Maneno machache kabla ya kuingia majini

Irisi ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye asili moja. Zinakaribia 300, na zote ni za nusu ya kaskazini ya dunia. Spishi, kwa maana rahisi, ni mimea inayozaana yenyewe kwa yenyewe na kubaki na sura yake kizazi baada ya kizazi. Tukisema spishi ni ya asili mahali fulani, maana yake ilifika hapo bila kubebwa na mtu. Iliyoletwa na watu ni ngeni, na ngeni ikisambaa hadi kuzibana za asili huitwa vamizi. Chotara ni mmea uliozaliwa na wazazi wa spishi mbili tofauti. Neno hilo la mwisho usiliache mbali, kwa sababu sehemu kubwa ya utata wa irisi inatoka hapo.

Sasa ua lenyewe. Watu wengi wanaolisoma jedwali kwa makini hushtuka kuona sepali ni ndefu kuliko petali. Shuleni tulifundishwa kwamba sepali ni yale majani madogo ya kijani yanayolikumbatia ua kwa chini likiwa bado tumba. Kwa irisi, sahau hilo. Ua la irisi limejengwa kwa tatu tatu. Sepali tatu ndizo pana na ndizo zenye mapambo. Zinainama kuelekea nje na chini. Petali tatu ziko kati ya sepali, kwa kawaida zikisimama wima au zikiinuka kidogo. Kisha kuna vipande vingine vitatu vyenye rangi, kila kimoja kimelala juu ya sepali yake, na hivi ndivyo vinavyowadanganya wageni. Si petali. Ni matawi ya staili, sehemu ya kike ya ua, na chini ya kila tawi imejificha stameni moja yenye chavua.

Kwa nyuki, basi, ua moja ni milango mitatu. Anatua juu ya sepali kama mgeni anayekanyaga zulia la kizingitini, anajipenyeza chini ya tawi la staili kuifuata asali iliyo ndani kabisa, na akiwa anaingia, kidomo kidogo kwenye ukingo wa tawi kinamkwangua mgongoni chavua aliyotoka nayo kwenye ua jingine. Akizidi kusonga ndani, stameni inampaka chavua mpya. Anapotoka kinyumenyume, kidomo kile kinakunjwa upande wa pili, hivyo ua halijichavushi ovyo.

Kwenye shina la sepali, pale nyuki anapoelekea, kuna doa lenye mishipa iliyochorwa ndani yake. Litazame doa hilo vizuri. Kwenye jedwali la mistari 150 halimo kabisa, na shambani ndilo linaloamua kesi nyingi kuliko rula.

Setosa haina ubishi

Tuanze na rahisi. Kwenye jedwali, petali za setosa zina urefu kati ya sentimita 1.0 na 1.9, na upana wake hauzidi milimita 6. Sepali zake zinafika sentimita 5 kwa wastani, tena ni pana. Ukilitazama ua kwa macho, unaona sepali tatu kubwa za buluu na katikati kama hakuna kitu. Petali zimebaki vipande vyembamba ambavyo ni lazima uinamishe kichwa kuviona. Hakuna irisi nyingine ya buluu katika mashariki ya Kanada inayofanana nayo. Ndiyo maana kompyuta haikosei setosa hata moja, na hata mtoto hatakosea.

Setosa imetanda Alaska, Siberia na Japani. Halafu, mbali kabisa na huko, kuna kundi la mashariki linaloishi kandokando ya Ghuba ya St. Lawrence, kuanzia Newfoundland hadi pwani ya Maine, juu ya miamba na malisho yanayopigwa na upepo wa chumvi. Huko mimea huwa mifupi. Anderson alichuma setosa zake kwenye Rasi ya Gaspé, jimbo la Quebec, kwa hiyo ni za kundi hili la mashariki. Wataalamu wengi wa leo wanalihesabu kundi hilo kuwa spishi yake yenyewe, Iris hookeri. Huu ni mzaha ninaoupenda: kwa mujibu wao, jina la kwanza kwenye jedwali maarufu kuliko yote duniani limepitwa na wakati, na wanafunzi wanaendelea kulikariri.

Versicolor au virginica? Hapa ndipo pagumu

Hizi mbili zote ni za kinamasini, zote hufika karibu na kimo cha kiuno cha mtu mzima, zote zina majani marefu bapa kama panga na maua ya buluu inayokaribia zambarau. Mtu akikwambia anazitofautisha kwa rangi, msikilize kwa adabu halafu endelea na kazi yako. Ni kweli virginica mara nyingi huwa na buluu iliyopauka na versicolor huwa nzito zaidi, lakini katika kundi moja la versicolor utakuta ua la zambarau iliyokolea limesimama jirani na lililopauka, na mara mojamoja utakutana na jeupe. Rangi inatoa dokezo tu.

Anza na doa la kwenye sepali. Kwa virginica ni la manjano kali, manjano ya kiini cha yai, na ukilisogeza karibu na jicho utaona vinyweleo vifupi vimelala juu yake kama kitambaa cha mahameli. Kwa versicolor doa ni la manjano inayoelekea kijani, limezungukwa na weupe, na weupe huo umekatwakatwa na mishipa ya zambarau. Vinyweleo huvioni, ukitumia lenzi utaona vipele vidogo tu. Ukipitisha ncha ya kidole taratibu utaihisi tofauti hiyo, ingawa inataka mazoea.

Kisha linganisha petali na sepali za ua hilohilo. Usiseme “petali hii ni ndefu”, uliza “ni ndefu ukilinganisha na nini?” Kwa virginica, petali inaikaribia sepali kwa urefu na inapanuka kuelekea ncha. Kwa versicolor, petali ni fupi waziwazi na imechongoka zaidi. Tukirudi kwenye jedwali na kugawanya wastani kwa wastani, petali ya virginica ina asilimia 84 ya urefu wa sepali yake, ya versicolor asilimia 72, na ya setosa asilimia 29. Anderson alikuwa na ufundi mzuri wa kuonyesha jambo hili bila tarakimu: alichora mstatili mweusi wenye vipimo vya sepali, juu yake mstatili mweupe wenye vipimo vya petali, ua moja baada ya jingine. Ukizipanga picha hizo ukurasa mzima, macho yanaona kundi kabla akili haijahesabu.

Sogea chini. Sehemu ya chini kabisa ya majani ya versicolor, inapotokea kwenye tope, mara nyingi ina zambarau au wekundu wa damu ya mzee. Virginica kwa kawaida hubaki ya kijani au hudhurungi. Nasema “mara nyingi” na “kwa kawaida” kwa makusudi. Alama hii peke yake haitoshi kumfunga mtu.

Ushahidi mgumu zaidi unakuja baada ya maua kukauka. Pasua ganda la mbegu lililokomaa. Mbegu za versicolor ni ngumu, zinang’aa, na uso wake una vipele vilivyopangika sawasawa. Za virginica ni nyepesi, hazina mng’ao, zimefunikwa na tabaka kama la kizibo cha chupa, na uso wake una vishimo visivyo na mpangilio. Mbegu hazibadiliki rangi kwa jua wala hazinyauki baada ya siku mbili kama ua. Ajabu ni kwamba wapiga picha wengi huzirudia irisi wakati wa maua tu, na wakati wa mbegu hakuna anayekanyaga kinamasini.

Na kabla ya yote hayo, jiulize uko wapi. Virginica ni ya nyanda za pwani za kusini-mashariki ya Marekani, kuanzia Virginia hadi Texas, na aina yake ya bara imepanda kufuata bonde la Mississippi hadi Maziwa Makuu. Versicolor inaanzia Newfoundland, inakwenda magharibi hadi Manitoba, na inashuka kusini hadi Virginia. Ukiwa Nova Scotia, hofu ya virginica haipo. Ukiwa pwani ya Georgia, ondoa versicolor kwenye orodha. Shida iko kwenye mkanda wa Maziwa Makuu ambako zote mbili zipo. Huko Michigan, kwa mfano, versicolor inatawala kaskazini na virginica kusini, na katikati zinakutana.

Zikikutana, zinazaa. Chotara wao anaitwa Iris × robusta. Ile alama ya kuzidisha katikati ya jina ndiyo inayotangaza uchotara. Mbele ya mmea wa aina hiyo, doa linasema hivi, petali zinasema vile, na wewe hujakosea popote.

Quebec, kwa taarifa tu, ilichukua versicolor kuwa ua la jimbo mwaka 1999. Kabla ya hapo, tangu 1963, ilikuwa na yungiyungi jeupe ambalo wala si la asili huko. Wana-Quebec walikuwa wamelalamika miaka mingi kwamba wanawakilishwa na mgeni.

Kwa nini vipimo vinne havikati shauri

Jedwali linapima vitu vinne: urefu na upana wa sepali, urefu na upana wa petali. Petali za versicolor zina urefu kati ya sentimita 3.0 na 5.1. Za virginica ni kati ya 4.5 na 6.9. Ukishika ua lenye petali ya sentimita 4.8, unaweza kuwa umeshika lolote kati ya hayo mawili. Vipimo vingine vitatu vinasaidia kupunguza mashaka, lakini vyote vina eneo hilo la mwingiliano, na makosa machache ambayo kompyuta huyafanya yote yanatokea humo.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hulipitia haraka. Anderson alieleza kwamba irisi zake za Gaspé zilitoka kwenye malisho yaleyale, zikachumwa siku ileile, zikapimwa na mtu mmoja kwa chombo kimoja. Huo ni uangalifu wa hali ya juu, kwa sababu ukubwa wa ua hubadilika kwa udongo, kwa maji, hata kwa umri wa ua lenyewe. Lakini zilizotoka pale ni setosa na versicolor peke yake. Virginica zilitoka kwingine. Ronald Fisher, mtakwimu Mwingereza aliyelichapisha jedwali mwaka 1936 na kulipa umaarufu, aliandika wazi kwamba jambo hilo lingeweza kuvuruga wastani na mtawanyiko wa vipimo. Tahadhari hiyo imebaki kwenye karatasi yake. Haikusafiri pamoja na data.

Tena, nakala inayozunguka kwenye intaneti ina makosa ya kunakili kwenye mistari ya 35 na 38, ambayo yote ni ya setosa. Hayabadilishi matokeo. Ila ni vizuri kujua kwamba “data safi” ya mfano nayo ina madoa. Jarida ambamo Fisher alichapisha kazi yake lilikuwa la elimu ya kuboresha nasaba za watu, itikadi ambayo yeye mwenyewe aliiunga mkono, na hiyo ndiyo sababu walimu kadhaa siku hizi wamehamia kwenye jedwali la vipimo vya ndege aina ya pengwini. Maua hayana hatia, lakini nawaelewa.

Mtoto wa setosa na virginica

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini versicolor inaelekea virginica kiasi hiki, na kwa nini vipimo vyake vinaangukia kati ya hizo nyingine mbili?

Jibu limo kwenye kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi. Setosa ina kromosomu 38. Virginica ina 70. Versicolor ina 108. Jumlisha mbili za kwanza uone unapata nini.

Anderson aliona hesabu hiyo na mwaka 1936 akatoa hoja kwamba versicolor ni chotara wa kale wa setosa na virginica. Kwa kawaida mzazi humpa mtoto nusu ya kromosomu zake: 19 kutoka kwa setosa, 35 kutoka kwa virginica, jumla 54. Mtoto kama huyo anaweza kukua na kuchanua, lakini kuzaa ni shida. Ili chembe za uzazi ziumbike, kila kromosomu inahitaji mwenzake wa kupangana naye, na za setosa hazina wenzao miongoni mwa za virginica. Hapo ndipo imani kwamba “chotara ni tasa” ilikotoka, na mara nyingi ni kweli.

Lakini mimea ina mlango wa nyuma. Mara mojamoja seli hushindwa kugawanyika na kromosomu zote hujirudia maradufu. Zile 54 zikawa 108. Sasa kila kromosomu ina pacha wake, uzazi unawezekana, na mmea uliokuwa chotara mpweke unaanza ukoo wake. Haurudi kuchanganyika kirahisi na wazazi kwa kuwa hesabu hazilingani. Spishi mpya imezaliwa bila kusubiri mabadiliko madogo ya maelfu ya miaka. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa miongo mingi baadaye uliiunga mkono hoja ya Anderson.

Ukiielewa asili hiyo, jedwali linasomeka upya. Sehemu kubwa ya urithi wa versicolor, karibu theluthi mbili, umetoka kwa virginica, na theluthi moja kwa setosa. Fisher alilijua hilo kutoka kwa Anderson, na sehemu ya karatasi yake ilikuwa kupima kama versicolor inasimama umbali huohuo: mbali na setosa, karibu na virginica, kwa uwiano wa mbili kwa moja. Kwa hiyo pale kompyuta inapochanganya versicolor na virginica lakini haikosei setosa, isilaumiwe programu. Mtoto amefanana na upande mmoja wa wazazi zaidi.

Swali linalofuata ni walikutanaje, maana leo virginica iko kusini na setosa iko kaskazini ya mbali. Hapa enzi za barafu zinaingia. Barafu kuu zilipoifunika Kanada, mimea ya kaskazini ilisukumwa kusini, na baada ya barafu kurudi nyuma iliacha ardhi tupu yenye maji mengi na isiyo na mwenyewe. Versicolor leo imetanda hasa kwenye ardhi hiyo iliyowahi kulaliwa na barafu.

Majirani wanaoongeza mkanganyiko

Irisi ya manjano kwenye mabwawa ya mashariki ya Amerika Kaskazini, Iris pseudacorus, watu wengi huidhania ya asili kwa kuwa inajiotea yenyewe na imezagaa. Ilitoka Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia Magharibi, ikaletwa kupamba bustani, ikatoroka. Sasa ni vamizi. Ikichanua haina utata. Isipochanua, shika jani: lake lina uti wa katikati ulioinuka unaouhisi vizuri kwa vidole, wakati majani ya zile za buluu ni laini zaidi. Hili ni la maana kwa watu wa kujitolea wanaong’oa mimea vamizi majira ya kuchipua, kwani bila maua ni rahisi kung’oa versicolor ukidhani unaiokoa.

Iris prismatica ya pwani ya Atlantiki ina majani membamba kama ya nyasi, milimita chache tu kwa upana, na ganda la mbegu lenye pembe tatu kali. Iris missouriensis ya magharibi hupenda mahali palipolowa wakati wa masika na kukauka kiangazi. Ng’ombe hawaitaki, kwa hiyo malisho yaliyochoka hujaa maua yake. Yapendeza kwa mpita njia, si kwa mfugaji.

Zipo pia fupi za misituni. Iris cristata ina matuta madogo juu ya sepali. Iris verna haina, ina doa laini la rangi ya chungwa tu. Iris lacustris nayo ina matuta, lakini ni ndogo kuliko cristata na huishi karibu na ufuo wa Maziwa Huron na Michigan, juu ya udongo wa mawe ya chokaa. Serikali ya Marekani iliiweka kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini mwaka 1988, kwa hiyo kuikosea si jambo la mchezo: ukidhani ni cristata ukaichimba, unaweza kuwa umevunja sheria.

Halafu kuna Louisiana. Katika miaka ya 1920 na 1930, mtaalamu John Kunkel Small alizunguka vinamasi vya huko na kutangaza makumi ya spishi mpya za irisi, kila rangi na kila umbo na jina lake. Muda si muda Percy Viosca, aliyekuwa mwenyeji wa Louisiana na kuvijua vinamasi hivyo, akaonyesha kwamba nyingi ya hizo ni machotara ya spishi chache zinazokutana kwenye mifereji na malisho yaliyovurugwa na watu. Leo zinahesabiwa tano. Mojawapo, Iris nelsonii ya karibu na Abbeville, iliyopewa jina mwaka 1966, yenyewe ilianza kama machotara na sasa inasimama peke yake. Small hakuwa mzembe. Alikuwa na macho makali mno, akaona tofauti za kweli, ila tofauti za mmea mmojammoja akazifanya za spishi.

Ukiwa na simu mkononi

Programu za simu za kutambua mimea hufanya kazi nzuri kukwambia kwamba hii ni irisi. Kukwambia ni versicolor au virginica kwa picha ya ua lililopigwa kutoka mbali, zinabahatisha, na kwa sehemu kubwa zinabahatisha kwa kuangalia uko jimbo gani. Wape wataalamu picha za kufanyia kazi: moja ya sepali kutoka juu, karibu kiasi cha kuona kama doa lina vinyweleo, moja ya ua kwa ubavu, petali na sepali zikionekana pamoja, moja ya shina la majani pale yanapotoka kwenye tope. Rula ukiiweka kando ya ua ni nyongeza nzuri.

Majani yenyewe yaguse, usiyaonje. Tunguu la irisi, lile shina nene linalotambaa chini ya udongo, lina sumu, na majani machanga hukosewa na watu wanaochuma Typha, mmea wa majini ambao machipukizi yake huliwa. Kata jani kwa chini: la irisi ni bapa, na majani yamepangana kama upepeo, la Typha hukumbatiana na mengine hadi kufanya duara.

Na kama uko Michigan, uko katikati ya jimbo, doa limekuwa la manjano nusunusu na petali ziko kati, andika kwenye kumbukumbu zako “versicolor au virginica”, weka alama ya mahali, urudi Septemba magandani kukiwa na mbegu. Zikiwa ngumu na zinang’aa ni versicolor. Zikiwa za kizibo ni virginica. Na ukikuta ganda lina mbegu chache zilizosinyaa, huenda ni yule chotara wao.